Jinsi Nilivyopunguza Kabati kwa Mkasi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo adui ameingia nyumbani. Ana utepe wa kupimia shingoni, penseli sikioni na viatu visivyotoa sauti. Kazi yake ni kuhamisha wazee. Si kubeba tu, wabebaji anao watatu. Yeye hukaa na mzee wiki nzima, akimsaidia kuamua kipi kiende, kipi kigawiwe na kipi kitupwe. Binamu ndiye aliyemwita. Nimempa jina Mama Vibandiko, maana ana mfuko mzima wa vibandiko: buluu kwa kinachokwenda, njano kwa cha kugawa, nyekundu kwa cha kutupa. Kufikia adhuhuri sebule yetu ilikuwa imetoka upele.

Hali ni hii, niiandike nisije nikajisahau. Shangazi ana miaka sabini na minane. Nyumba hii ina ngazi kumi na saba. Tangu aanguke mwezi wa nne, goti lake haliitaki hata moja. Jumamosi anahamia nyumba ndogo isiyo na ngazi, karibu na zahanati: sebule, jiko, vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni chake. Chumba cha pili ndicho chenye vita.

Mimi nilikuja kwa Shangazi kukaa wiki mbili. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Mambo yamenichelewesha.

Mama Vibandiko amechora nyumba mpya kwenye karatasi ya miraba, akaibandika ukutani. Kisha akakata vikaratasi, kila samani na kikaratasi chake kwa kipimo chake, anavisogeza humo kama kete. Nimetafuta kikaratasi cha kitanda changu. Hakipo! Chumba cha pili kimejaa cherehani ya Shangazi, aliyekuwa fundi wa nguo miaka hamsini, meza yake ya kukatia, na lile kabati lake, kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kulipangisha.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, hivi chumba cha pili kimebaki na nafasi gani. Binamu, binti wa pekee wa Shangazi na meneja wa ofisi, akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamjibu kwamba kwa miaka tisa sijaona jembe humu ndani. Akasema nitatafutiwa. Shangazi akaendelea kuhesabu vifungo.

Sitaomba. Nina miaka arobaini na sita na heshima yangu. Kabla ya Jumamosi Shangazi mwenyewe atanisihi niende naye. Mipango inaanza kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Saa moja asubuhi nikabandika buluu kwenye kitanda changu. Saa mbili ikawa njano. Nikarudisha buluu. Saa nne njano tena, safari hii mbili! Binamu ana mkono mwepesi. Nikaona dawa ya moto ni moto. Nikabandua njano yake moja, nikaibandika kwenye mkoba wake wa kazi uliokuwa kitini.

Ulikuwa mzaha tu. Sikujua kwamba watu wa kituo cha mafunzo ya ushonaji wangefika saa tano kuchukua vya kugawa. Wakafika. Wakachukua viti viwili, sufuria kubwa, mapazia na mkoba. Binamu akatoka mbio na kiatu kimoja, akalifukuza gari mpaka kona. Mkoba umerudi. Naye akarudi anahema, akauliza ni nani. Nikasema huenda ni upepo. Mama Vibandiko akatazama madirisha, yote yamefungwa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Silipendi daftari lile.

Mchana nikapangwa kwenye vitambaa pamoja na Shangazi. Maboksi thelathini na moja! Kila nguo aliyoshona maishani alibakiza kipande cha ukubwa wa kiganja. Yalitakiwa yabaki mawili. Nilitegemea machozi. Lakini Mama Vibandiko hana haraka. Anashika kipande, anasema, "Mama, hebu nisimulie, hiki kilikuwa cha nani?" Anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anauliza kiende au kibaki. Gauni la harusi la mwalimu aliyenenepa siku tatu kabla ya sherehe. Suti ya mwanasheria aliyekuwa na bega moja juu. Kumbe kitu kikishasimuliwa ni rahisi kukiachia. Maboksi yakatoka moja baada ya jingine. Lazima nikiri, adui anaijua kazi yake.

Kwenye boksi la kumi na tisa kikatoka kipande cha kaki. Shangazi akanitazama, akacheka. Ni kaptula yangu ya shule ya msingi. Aliishona na makalio ya tabaka mbili, maana nilikuwa sioni ukingo wa ngazi nisiutelezee. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule. Kuanzia hapo mpaka namaliza darasa la saba, kila nguo niliyovaa ilipita chini ya sindano ya Shangazi. Nikagundua kwamba sijawahi kumshukuru. Nikafungua mdomo nimshukuru, nikajikuta nauliza kama kuna chai. Akaniambia chai naichemsha mimi, namwuliza nani.

Nikaenda kuichemsha. Niliporudi, kile kipande hakikuwa kwenye boksi lolote. Sikuona kilikokwenda.

Jumatano, 6 Agosti

Binamu amempeleka Shangazi zahanati, habari za goti. Mama Vibandiko yuko nyumba mpya, anapima milango. Nyumba yote ni yangu! Mtu mwenye akili huingoja siku kama hii.

Hoja yangu ni nyepesi. Kwenye ramani, kabati lina miraba minane kwa mitatu. Nani kasema lazima iwe minane? Nikalitoa ukutani. Mkasi wa jikoni ulikuwa umeshafungwa kwenye boksi. Uliokuwa karibu ni ule uliolala juu ya cherehani, mweusi, mzito, wa Shangazi. Unakata kama wembe! Kabati likawa miraba sita kwa miwili. Meza ya kukatia ikapungua mmoja. Nikakata kikaratasi kipya, nikaandika juu yake "Kochi la wageni". Ningeandika kitanda changu wangeshtuka. Nikakiweka chini ya dirisha la chumba cha pili. Kikaenea, na nafasi ya viatu ikabaki.

Mama Vibandiko aliporudi alisimama mbele ya ramani kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akauliza mbona kabati limekonda. Nikamweleza kwamba karatasi hunywea wakati wa joto. Akasema, "Ehe." Akaandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Shangazi alitandaza kitambaa cha mapazia ya nyumba mpya, akashika mkasi, akakata. Mkasi ukatafuna. Akajaribu tena, kitambaa kikajikunja katikati ya makali, hakikatiki. Akauweka chini polepole.

Nyumba hii haina sheria nyingi. Unaweza kuchelewa kuamka, unaweza kusahau kuzima taa, unaweza hata kukaa miaka tisa. Sheria ni moja: mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Karatasi huua makali. Naijua tangu nina miaka sita. Jana haikunijia kichwani hata kidogo.

Akauliza kwa sauti ya chini nani amekatia karatasi. Nikasema mikasi nayo huzeeka. Akasema mkasi hauzeeki, huchezewa. Kisha akageuka, akaitazama ramani ukutani, akalitazama kabati la karatasi, halafu akanitazama mimi. Mama huyu ametumia miaka hamsini kukagua mishono ya mafundi wengine. Nikasubiri radi. Haikupiga. Aliniambia tu niupeleke kwa mnoaji. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilitembea mpaka kwa mnoaji nikiusubiri huo mshindo.

Mnoaji aliuinua kwenye mwanga, akasema karatasi hii, tena ngumu. Nikamwomba, akija mama kuuliza, amwambie ni kutu. Akasema yeye kazi yake ni kunoa, si kupinda. Mji huu umejaa wasema kweli, sijui mtu wa kawaida ataishi vipi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa mwisho: hotuba. Nimeamka mapema nikajizoeza mbele ya kioo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nikiaga kwa uchungu wa kutosha, Shangazi atadakia, unakwenda wapi, mwanangu, na mambo yataishia hapo. Wakati wa chai nikasimama. Nikasema hakuna marefu yasiyo na ncha. Nikasema nimekula chumvi nyingi ya nyumba hii. Nikanyamaza mahali nilipopanga kunyamaza.

Shangazi akasema, "Haya. Chai inapoa." Kisha akanikumbusha nisisahau kufunga pasi.

Nikaenda kukusanya vyangu. Miaka tisa, boksi moja na nusu. Ile nusu ni magazeti ya kuzuia vikombe visivunjike, na vikombe vyenyewe si vyangu. Nikaketi sakafuni. Sikuwa na mpango wowote. Niliogopa, basi. Sina pa kwenda, na mtu pekee ambaye ningependa kukaa naye ananiambia nifunge pasi.

Binamu akanikuta hapo. Nikadhani amekuja na kibandiko. Akakaa juu ya boksi, akasema hajawahi kunishukuru kwa ile siku ya mwezi wa nne. Yeye alikuwa kwenye kikao, simu ameizima. Mimi ndiye niliyembeba mama yake mgongoni ngazi zote kumi na saba na kumfikisha zahanati. Akasema kila akimwona mama anatembea, anakumbuka. Akasema, "Kaka, mimi sikuchukii. Naona tu mtu wa umri wako awe na mlango wake." Nikamwambia asante na wewe, na aliyeubandika ule mkoba ni mimi. Akasema anajua. Tukacheka mpaka akapenga kamasi. Nikamfuta kwenye orodha ya maadui.

Nilimrudisha alasiri. Sababu ni hii: nimepita mbele ya kabati la Shangazi nikaona njano. Cha kugawa! Kabati! Moyo ukaruka. Kabati likigawiwa, chumba cha pili kina nafasi ya kitanda kizima, tena bila mkasi. Nilichotakiwa kufanya ni kujifanya hamnazo. Nikapita. Nikarudi kuchungulia. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kabati, kiganja juu ya mlango wake, anaupapasa taratibu kama mgongo wa mtoto. Kabati lile alilitengeneza marehemu mumewe, seremala, mwaka waliooana. Nikaelewa. Hii ni kazi ya Binamu, mama wa watu hataki ugomvi, na ile asante ilikuwa ya kunilainisha!

Shangazi akaondoka. Nikabaki hapo na njia mbili. Nafasi yangu, au kabati lake. Nikasimama muda mrefu. Nikasema maneno ambayo siyaandiki. Halafu nikabandua njano, nikabandika buluu.

Ni kibandiko cha kwanza wiki hii nilichokihamisha kwa hasara yangu mwenyewe. Kesho naondoka nikiwa mtu mwema. Sijafurahi hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haya nikiwa ndani ya chumba cha pili. Nimekuwa wa kwanza kuingia. Kutoka ndiyo shida.

Ilikuwa hivi. Wabebaji waliona buluu, wakapakia kabati. Mama Vibandiko na Binamu walikuwa wametangulia na Shangazi, wanampangia jiko. Kabati lilipofika nikajitolea kuliongoza: wao wasukume kutoka ukumbini, mimi nivute kutoka ndani. Likaingia mlangoni nusu, likagoma. Mbele haliendi. Nyuma halirudi. Dirisha lina nondo. Mbebaji mmoja akasema kutoka upande wa pili kwamba ameiona ramani ya ukutani kwa macho yake na kabati lilikuwa linaenea vizuri. Nikamwambia ramani ni ramani.

Nikasikia hatua za Shangazi, ule mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi. Juu ya kabati kulikuwa na mwanya wa kama shubiri moja. Sauti yake ikapitia hapo, ikauliza nani aliyeleta kabati hili.

Nikaanza na upepo. Nikahamia kwenye joto la karatasi. Kisha nikatazama huku na huku, nikaona chumba ni kidogo mno kwa uongo mwingine. Nikasema yote. Vibandiko. Mkasi. Kochi la wageni. Njano ya Binamu niliyoibandua ili mama asinyang'anywe kabati la mumewe. Na kwamba sina pa kwenda, na niliona aibu kusema.

Halafu nikasikia kicheko. Shangazi alicheka mpaka wakamletea boksi la kukalia, akacheka tena akiwa juu ya boksi.

Mama Vibandiko ndiye aliyenieleza, kupitia mwanya. Miaka kumi na minne ya kazi hii, hajakutana na familia isiyo na mtu wa mkasi. Ndiyo maana ramani ya ukutani ni ya watu kugombania, na ramani ya kweli hukaa kwenye daftari lake. Lile daftari! Akaichomoa, wakaipitisha juu ya kabati, ikaniangukia mikononi.

Chumba cha pili. Cherehani ipo. Meza ya kukatia ipo. Kabati halipo. Chini ya dirisha hakuna kikaratasi. Kuna kipande cha kaki, kimekatwa umbo la kitanda, kimechomekwa kwa pini ya Shangazi yenye kichwa cheupe. Kingo zake zimenyooka, hazina uzi hata mmoja uliotoka. Kwa hiyo kilikatwa Jumanne, kabla mjinga hajauharibu mkasi.

Nikakaa kitako.

Sauti ya Shangazi ikaja kwa juu: "Karatasi ni ya kujaribia, mwanangu. Mimi nikishakata kitambaa, nimekata."

Njano ya kabati ilikuwa yake mwenyewe. Kituo cha ushonaji hakina pa kutundika nguo za wanafunzi, na yeye aliona kabati la mumewe lipate kazi kuliko kuzeeka ukutani. Jana alikuwa analiaga. Binamu hakuhusika! Nikamwomba Binamu radhi kupitia mwanya. Akasema ameizoea hali yangu, na kwamba alibishana na mama yake siku mbili juu ya kile kipande cha kaki, akashindwa.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Shangazi akasema alikuwa anangoja niombe. Miaka tisa nafunga madirisha yake, nachemsha chai yake, nalala chini ya bati lake, na siku zote nasema nakaribia kuondoka. Alitaka mara moja tu, kabla hajafa, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nataka kukaa naye. Alidhani labda nakaa kwa kukosa pengine.

Sikujua kabisa kwamba mtu aliyenikatia nafasi kwenye kitambaa anaweza kuwa na wasiwasi huo. Nikapanda juu ya meza ya kukatia, iliyokuwa imeingizwa kabla ya kabati, nikaweka mdomo kwenye mwanya. Nikasema, "Shangazi, naomba nikae na wewe."

Akasema, "Karibu, mwanangu. Sasa tukutoe."

Wamekwenda kumwita seremala aje alifungue kabati vipande. Wamenipitishia kikombe cha chai. Binamu ndiye aliyeichemsha, na ni mbaya, nami nimeinywa yote. Hapa naandika asante, Shangazi, ili nijizoeze. Kwa kaptula. Kwa tabaka mbili. Kwa miaka tisa. Kwa kitanda cha kaki. Nikitoka nitaisema.

Baadaye. Nimetoka. Nimeisema. Alinifuta vumbi la kabati usoni na upindo wa kanga yake, akasema mbona nimechelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka chini ya dirisha langu. Jua linaingia moja kwa moja mpaka miguuni. Kabati liko kituoni, na wameshatutumia salamu kwamba gauni la kwanza limetundikwa. Shangazi ametembea kutoka chumbani hadi jikoni mara nne, bila ngazi, bila kushika ukuta, akaja kuniamsha ili tu nione. Sijui nimwelezee nani furaha yangu, nimeamua kuieleza shajara.

Mama Vibandiko amekuja kuaga. Nikamwamkia kama mtu wa nyumbani. Nikamwambia asante, na kwamba wiki nzima nilimwita adui. Akasema alishaandika. Kabla ya kuondoka aliibandika ramani ya ukutani jikoni, eti kwa marekebisho madogo. Shangazi naye amenipa zawadi: mkasi mdogo wa karatasi, wangu mwenyewe, una kibandiko cha buluu kwenye mpini. Nilimkumbatia. Nimemwahidi kwamba mambo yamekwisha. Mtu akitaka kitu ni kuomba tu. Wiki hii nimejifunza.

Binamu atakuwa anakuja kulala kila mwisho wa wiki, awe karibu na mama yake. Jambo jema sana. Lakini anataka meza ya kompyuta, na ameiweka kwenye ramani. Chumba cha pili! Miraba minne kwa miwili, imegusa kabisa kitanda changu.

Ningeweza kumwomba aisogeze. Yupo sebuleni, hatua tano kutoka hapa, anamsomea mama yake gazeti. Lakini walikuwa wanacheka vizuri, sikutaka kuwakatiza.

Meza sasa ni miraba mitatu kwa mmoja. Nimetumia mkasi wa karatasi. Sheria ni sheria.